UZI: Kuhamisha, kusalimisha, kutelekeza, kukana urithi. Jua unaachia nini kabla hujatia saini

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi katika ofisi ya wakili hapa Dar, na karatasi nyingi zinazopita mezani kwangu ni za ardhi na mirathi. Kuna sentensi moja naikuta tena na tena kwenye mihtasari ya vikao vya ukoo: "Sisi warithi kwa pamoja tumeridhia na kuachia haki zetu zote kwa kaka yetu ili afuatilie mirathi ya marehemu baba." Chini yake saini za watoto wote na dole gumba la mama. Waliosaini walijua wanamruhusu kaka aende Mahakama ya Mwanzo akafungue mirathi, basi. Baadaye kaka anauza nyumba, ndugu wakihoji anawatolea karatasi ile ile: si mliachia wenyewe?

Sentensi hiyo imechanganya mambo mawili yasiyohusiana. Kuridhia mtu awe msimamizi ni jambo moja, kuachia fungu lako la urithi ni jambo jingine kabisa. Watu wetu wanapoteza mali kwa sababu mwandishi wa muhtasari aliona maneno mazitomazito yanapendeza.

Nizungumzie Tanzania Bara, maana ndiko ninakofanyia kazi. Kwanza tuelewane kuhusu msingi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wewe mwenye hati una haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda uliotajwa humo, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Kijijini kuna hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Kwa hiyo kila unapoiachia ardhi, swali la kwanza ni hili: inakwenda kwa mtu mwingine, au inarudi kwa aliyekupa?

Ikienda kwa mtu mwingine, hapo umehamisha. Kuuza ni kuhamisha, na kumpa mwanao zawadi ni kuhamisha vilevile. Watu hudhani zawadi ni jambo la nyumbani lisilohitaji karatasi. Hapana. Kwa ardhi yenye hati, fomu ni zilezile namba 29, 30 na 35, na mwisho wa safari ni kwa Msajili wa Hati. Kabla uhamisho haujasajiliwa, daftari halimtambui mmiliki mpya, hata kama mlipeana mikono mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kupiga picha.

Ikirudi kwa aliyekupa kwa hiari yako, umesalimisha. Hapa humteui wa kumfuata. Unasema, mimi nimemaliza, chukueni. Mtu akikuambia "salimisha hati yako kwangu nikulipe", huyo ama hajui anachosema au anajua sana. Hati inasalimishwa kwa mamlaka ya ardhi, haisalimishwi kwa mnunuzi.

Ikirudi kwa sababu umevunja masharti, milki yako imebatilishwa. Mashamba pori ya Kilosa na Mvomero yaliyofutiwa hati yaliingia mlango huu: mtu kapewa mamia ya ekari, kodi halipi, shamba limegeuka msitu, na wananchi pembeni hawana pa kulima. Hata hapo kuna utaratibu: mmiliki anaandikiwa ilani, anapewa siku 90, na Rais ndiye anayebatilisha, si mkuu wa wilaya akiwa juu ya gari. Maendelezo halali yaliyopo yanaweza kufidiwa, yakikatwa anayodaiwa.

Ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, barabara au bandari, imetwaliwa. Hukukosea kitu, na ndiyo maana sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Thamani ya ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida uliyoipoteza kama ulikuwa na biashara. Mtathmini akija na karatasi iliyoandikwa kwamba umeitoa ardhi yako "kwa hiari", soma mara mbili. Aliyejitolea kwa hiari hana hoja ya fidia.

Halafu kuna kutelekeza na kukana. Hayo mawili ndiyo yenye vilio vingi, tutayafikia kwenye maswali. Karibuni.

Mkulima wa Turiani

Mkuu asante kwa somo. Mimi nina shamba la baba kijijini, ekari saba. Tangu nihamie Dodoma kikazi, miaka minane sasa, sijalima. Nilimweka binamu yangu pale, analima mahindi na kulinda mipaka. Mwaka jana alianza kusema shamba ni lake kwa kuwa mimi nimelitelekeza. Mwenyekiti naye anamuunga mkono. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Ndugu, pole. Binamu yako amechanganya milango miwili, na hakuna unaomfungukia.

Kutelekeza katika ardhi ya kijiji kuna maana yake mahususi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataja kutotumia ardhi kwa muda usiopungua miaka mitano kama dalili mojawapo, na nyingine ni kuondoka nchini bila kuacha mtu wa kuiangalia. Wewe uko Dodoma na ulimweka mtu, na huyo mtu analima. Shamba linalolimwa kwa ruhusa yako linatumika. Hata mtu ambaye hajalima kabisa, halmashauri ya kijiji haiamki asubuhi ikasema limetelekezwa. Lazima itoe tangazo, mwenye maslahi apate nafasi ya kujieleza, na izingatie sababu kama uzee, ugonjwa, ujane au ukame. Bibi mgonjwa aliyehamia kwa mwanae mjini hajatelekeza kitu.

La muhimu kuliko yote: ikithibitika imetelekezwa, ardhi inarudi kijijini kugawiwa upya. Haimwangukii aliyekuwa amekaa juu yake.

Mlango wa pili ni ule wa miaka 12. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Akinyamaza zaidi ya hapo huku mtu mwingine ameishika waziwazi kama mwenyewe, anaweza kukosa pa kushtakia. Lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Wadhamini wa Holy Spirit Sisters, Rufaa ya Madai Na. 193 ya 2016, iliweka vigezo vikali. Anayedai lazima aonyeshe kwamba mmiliki halisi aliiacha ardhi, kwamba yeye aliingia bila haki nyingine zaidi ya kule kuingia na kukaa, kwamba alikusudia kuimiliki, na kwamba ukaaji wake ulikuwa wa wazi bila kukatizwa kwa muda wote wa kisheria. Binamu yako aliingia kwa kukaribishwa. Mwalikwa, mpangaji na mlinzi wa shamba hawageuki wamiliki kwa kukaa sana, hata wakae miaka 30.

Ila usilale. Shamba ni la baba. Kama baba ni marehemu na mirathi haijafunguliwa, ifungue. Kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa anaishika alipofariki, ile miaka 12 inahesabiwa kuanzia tarehe ya kifo. Haihesabiwi tangu siku mlipokumbuka kwenda mahakamani. Na mwandikie binamu barua leo ukimkumbusha kwamba yuko hapo kwa ruhusa yako, nakala kwa mtendaji wa kijiji, na upate muhuri wa kupokelewa.

Mkulima wa Turiani

Baba alifariki 2014. Kumbe muda unakwenda. Wiki ijayo naenda.

Mama wa Mbagala

Kaka, mimi swali langu ni la ndoa. Niliondoka nyumbani kwa mume wangu kwa sababu ya kipigo. Nimepanga chumba na watoto. Nyumba tulijenga wote, ila kiwanja kimeandikwa jina lake. Sasa anasema kwa kuondoka nimeitelekeza nyumba, sina changu, na kuna madalali wanapita kuiona. Hatujaachana kisheria.

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana, na umefanya vema kujiokoa wewe na watoto. Kukimbia kipigo si kutelekeza mali. Weka hilo moyoni kwanza.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema wazi: ndoa ikiwa hai, mwenye jina kwenye nyumba ya familia hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu hichohicho kinakutambua kuwa una maslahi yanayoweza kulindwa kwa zuio. Kwa hiyo kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukaweke zuio, ukiwa na cheti cha ndoa. Kama hakina hati, peleka barua serikali ya mtaa na ufungue shauri la kuzuia mauzo. Wanawake wengi husubiri talaka ndipo wadai, na wakifika wanakuta nyumba imeshauzwa mara mbili.

Mgawanyo wenyewe utakuja mkifika kwenye talaka au kutengana kwa amri ya mahakama, chini ya kifungu cha 114. Na usikubali kuambiwa hukuchangia kwa kuwa hukuwa na mshahara. Tangu kesi ya Bi. Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kuwa mchango.

Kitu kimoja tu nakuomba. Wakikuletea karatasi ya usuluhishi ya kusema "nimeondoka na sina madai yoyote", usiisaini hata kama ndiyo masharti ya kukurudishia nguo za watoto. Kuondoka kwako hakujakupunguzia haki. Karatasi hiyo ndiyo itakayoanza kukupunguzia.

Kijana wa Kibaha

Mkuu, mimi umenitia hofu na hiyo kusalimisha. Nina kiwanja chenye hati, nataka kukikata viwanja vitatu niuze kimoja. Mpima ameniambia lazima nisalimishe hati. Nikisalimisha si nimerudisha kwa serikali? Wakikataa kunipa vipya?

Mleta uzi

Hofu yako ina mantiki, ila hapo mpima yuko sahihi. Huwezi kuwa na hati moja ya zamani na hati tatu mpya juu ya udongo uleule. Kwa hiyo unaisalimisha ile ya kwanza kwa shabaha maalumu ya kugawa, inafutwa kwenye daftari, na hati mpya zinatoka kwa jina lako. Ni tofauti na yule anayerudisha moja kwa moja kwa kuwa hataki tena.

Mambo yanayowaumiza watu hapa ni ya mpangilio. Usisalimishe kabla mchoro wa mgawanyo na upimaji mpya havijaidhinishwa. Hati ya kusalimisha iandikwe sababu yake, kwamba ni kwa ajili ya kugawa kiwanja namba fulani. Kodi ya ardhi iwe imelipwa. Kama hati iko benki kwa mkopo, benki lazima iridhie kwanza, maana haki yao imekaa juu ya yako. Na hati halisi uipeleke mwenyewe ofisi ya ardhi, upewe uthibitisho wa kuipokea. Usimkabidhi dalali. Na huyo mnunuzi wa kiwanja kimoja asubiri kwanza hati zitoke kwa jina lako, kisha umhamishie chake.

Kijijini kuna ulinzi mzuri ambao wengi hawaujui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema usalimishaji wenye lengo au matokeo ya kumnyima mwanamke ardhi ambayo angestahili kuitumia hauna nguvu, na halmashauri ya kijiji haitakiwi kuupokea. Mzee aliyegombana na mkewe akienda kurudisha shamba kijijini ili mke abaki mikono mitupu, amefanya kazi bure.

Mzee wa Wete

Assalaam alaykum. Nyie Bara mnasema kuhamisha, kusalimisha. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992, na mambo mengi ya familia yanakwenda kwa kadhi. Nami niongeze yale ya dini, kwani watu wanayavuruga vilevile.

Hiba, yaani zawadi, ina nguzo zake: mwenye kutoa atamke, mwenye kupewa akubali, na kitu kikabidhiwe. Mzee anasema "nyumba hii nimempa binti yangu" lakini mwenyewe anaendelea kukusanya kodi ya wapangaji mpaka anazikwa. Hapo kukabidhi kuko wapi? Warithi wengine wana haki ya kuhoji. Na hiba aliyoitoa akiwa kwenye maradhi ya mauti inahesabiwa kama wasia, kwa hiyo haivuki theluthi, na wala hapewi mrithi mpaka wenzake waridhie.

Wakfu ni kitu kingine. Ukishaweka wakfu, mali imetoka mikononi mwako daima. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi hiba. Watu wanafaidika na matunda yake, shina linabaki. Kwetu ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia haya. Nimeona vijana wanauza minazi ya wakfu wa babu yao wakidhani ni urithi.

Kisha kuna takharuji: mrithi anatoka katika mirathi kwa kukubaliana na wenzake apewe kitu maalumu, tuseme fedha, nao wabaki na fungu lake. Hiyo inasihi akiwa anajua stahiki yake na ameridhia. Asiyejua fungu lake ni kiasi gani, ameridhia nini?

Mleta uzi

Waalaykum salaam Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa hasa kwenye takharuji, maana swali lako la mwisho ndilo ninalotaka kila mrithi ajiulize, awe Mwislamu au la.

Niongeze la huku Bara tu: hiba ikikamilika kidini, na ardhi ina hati, bado isajiliwe. Binti anaweza kuwa na haki mbele ya kadhi wa familia, kisha akakuta Msajili anamtambua marehemu peke yake.

Mkaazi wa Kilifi

Hapa Kenya mambo yanafanana, ila kuna tofauti kidogo. Ardhi ya kilimo ukiuza ni sharti bodi ya udhibiti wa ardhi itoe idhini, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita, la sivyo mauzo ni bure. Na hiyo miaka 12, kwetu anayedai huenda kortini mwenyewe aombe kusajiliwa kuwa mmiliki. Huku Pwani kuna wenye hati walioondoka zamani na watu wamezaliwa na kuzikwa humo mashambani, kwa hivyo kwetu neno kutelekeza si la kitabuni. Nauliza: mrithi akisema "sitaki fungu langu", linaenda wapi?

Mleta uzi

Swali zuri ndugu, na ndilo kiini cha kukana.

Anayekana fungu hajalipokea, kwa hiyo hawezi kulielekeza. Linarudi kwenye chungu cha mirathi na kugawiwa warithi waliobaki kwa utaratibu wao wa kisheria. Akisema "sitaki, mpeni dada Rehema", huyo hajakana. Amelichukua kisha amelitoa, yaani amehamisha, na yanayofuata ni mambo ya uhamisho: maandishi, usajili, na maswali ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Nimeona dada akisaini kwamba amekana akikusudia mdogo wake mlemavu apate zaidi, fungu likagawanywa kwa wote, pamoja na kaka ambaye hakutaka apate hata nauli.

Na mtoto chini ya miaka 18 hakani chochote. Hana uwezo wa kisheria wa kufanya makubaliano ya namna hiyo, na mjomba hawezi kusaini "kwa niaba ya watoto" kuwafuta kwenye orodha.

Binti wa Ukonga

Mkuu, mimi ni miongoni mwa waliosaini ile sentensi yako ya kwanza. Karibu neno kwa neno. Kaka ameshateuliwa msimamizi, mwaka umepita, hatujaona kitu. Nyumba ya mzee ina hati. Nimechelewa?

Mleta uzi

Hujachelewa, ila anza kesho.

Nenda kwenye mahakama iliyomteua, uombe kulipitia jalada la mirathi. Wewe ni mrithi, una haki. Angalia vitu viwili: Fomu Na. V, yaani orodha ya mali na madeni, na Fomu Na. VI, hesabu ya mirathi: fedha zilizoingia, zilizotoka, na mali iliyouzwa au kuhamishwa. Kwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. V ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au muda zaidi mahakama ikimruhusu, na Fomu Na. VI baada ya hapo kwa vipindi vinavyopangwa na mahakama. Kama hazipo, tayari una hoja, na mahakama inaweza kumwita ajieleze au hata kutengua uteuzi wake. Kama zipo, tazama jina lako limeandikwa nini mbele yake. Likikosekana, weka pingamizi kwa maandishi. Eleza kwamba ulichoridhia ni usimamizi, kwamba wakati unasaini hapakuwa na orodha ya mali wala thamani yake, na kwamba hukulipwa chochote. Soma muhtasari wenu wote, si sentensi moja. Ukianza na "ajenda: kuteua msimamizi wa mirathi", ajenda hiyo inakusaidia, kwa sababu kikao kiliitwa kwa jambo moja tu.

Siku hiyohiyo pita kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi wa daftari. Utajua kama nyumba bado ina jina la marehemu, au kaka ameshasajiliwa kama msimamizi, au ameshajiandika kama mmiliki. Akiwa ameandikwa kama msimamizi, bado ameishika kwa ajili yenu wote. Weka zuio kabla hujatoka hapo, na uombe ushauri wa wakili. Kama huna uwezo, kuna wasaidizi wa kisheria na mashirika ya msaada wa kisheria yanayoshughulikia mirathi bila malipo.

Na ukimkuta kaka ameleta karatasi mpya ya "kurekebisha" ile ya zamani, mwambie utaisaini mbele ya hakimu, baada ya kuiona Fomu Na. V.

Binti wa Ukonga

Nimesoma muhtasari sasa hivi. Ajenda namba moja: kumteua msimamizi wa mirathi. Namba mbili: mengineyo. Hakuna sehemu iliyotaja nyumba.

Mleta uzi

Toa nakala tatu. Moja iende mahakamani, moja kwa wakili, moja ibaki kwa mtu unayemwamini nje ya familia.